Kamba ya Mkonge Iliyokula Umeme Wetu

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, mmoja wenu alininyooshea redio ya mkononi akalalamika kwamba betri yake haimalizi zamu. Nilicheka mpaka nikajimwagia soda kwenye suti. Najua mlitazamana mkasema mzee ameanza. Sikuwa nimeanza chochote. Niliikumbuka betri yetu ya kwanza, iliyobebwa na watu wawili kwa mti mabegani, na ambayo nayo haikumaliza zamu.

Mmeniomba niandike nilivyopandishwa vyeo. Vyeo vimo kwenye faili, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaoulalamikia. Mimi nitawaandikia jambo moja nililojifunza wakati Mwingereza bado anatawala, na mkonge umepangwa kutoka Kilosa mpaka Kimamba kwa mistari iliyonyooka kuliko akili za waliokuwa wanaukata. Jambo lenyewe ni hili: mtambo wa kurusha sauti hauhitaji nguvu nyingi, unahitaji nguvu isiyopotea njiani. Mkilielewa hilo mmemaliza kozi. Yanayofuata ni raha yangu tu, nanyi mtanivumilia.

Nilitoka Songea nikiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, mmoja wa vijana waliopandishwa malori wakaletwa kukata mkonge. Nilikata msimu mmoja. Miba ya mkonge haina upendeleo, inachoma mvivu na mwenye bidii sawasawa. Basi asubuhi moja kwenye hesabu ya watu, mnyapara akauliza nani anajua kusoma na haogopi kelele za injini. Nilinyoosha mikono yote miwili.

Wakanipeleka nyuma ya korona. Wale mliozaliwa mjini, korona ni kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge yawe nyuzi. Tulikiita kwa jina la mashine yake. Huko kulikuwa na kibanda cha bati, na ndani yake Fundi Elia. Alikuwa Mkaguru wa Mamboya, amerudi kutoka vita vya Burma na mambo mawili: ufundi wa redio, na tabia ya kupigia saluti chombo chochote kilichowaka mara ya kwanza. Aliwahi kuipigia saluti taa ya chemli.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Mikono yako mikavu?"

"Mikavu, Fundi."

"Basi kaa hapo, uitumie kushikilia magoti yako. Usiguse kitu."

Ndiyo kozi yangu ya kwanza. Nilishikilia magoti wiki nzima nikimtazama, na nawaambia, sijawahi kuwa na wiki tamu kama ile. Mtambo ulikuwa sanduku la chuma lenye valvu ndani, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya makaa. Pembeni yake kulikuwa na kipokeo, kisanduku kidogo chenye betri yake kavu, kilichokula umeme kidogo kama mgonjwa. Mlafi alikuwa mtambo. Wenyewe ulitegemea ile betri kubwa ya asidi, na betri ilijazwa na dainamo iliyofungwa kwenye injini ya korona. Korona ikisimama, betri haijazwi. Ukweli huo ulikuwa unaninyima usingizi hata kabla sijaruhusiwa kugusa.

Kazi yetu ilikuwa kuongea na Mikumi. Shamba lilikuwa na kambi huko ya kuwapokea manamba wanaotoka kusini kupitia Iringa. Walipumzika, wakala, kisha lori likawaleta kwetu. Wasimamizi walitaka kujua lori gani linakuja na limebeba watu wangapi, ili wapike ugali wa kutosha, na mara nyingi haukutosha hata walipojua.

Fundi alinifundisha kwa glopu ya tochi. Aliifunga karibu na waya unaotoka mtamboni kwenda kwenye eria, ule waya mrefu wa juu unaorusha sauti hewani. Sauti ikitoka vizuri, glopu inang'aa. Kwenye uso wa mtambo kulikuwa na mita yenye mshale unaoonyesha umeme unaolika. "Mjinga anaangalia mshale tu," alisema. "Anaongeza, anaongeza, anafurahi mshale unapanda. Wewe tafuta mahali ambapo mshale unashuka na glopu inang'aa zaidi. Hapo ndipo mtambo umeridhika." Mara ya kwanza nilipopapata mahali hapo, nikizungusha gurudumu dogo kwa ncha za vidole, mshale ukashuka na taa ikapanda kwa wakati mmoja. Nilipiga kelele kama nimeokota ng'ombe. Kula kidogo, kufanya zaidi! Katika dunia nzima niliyokuwa naijua, hakuna mtu, mnyama wala mnyapara aliyekuwa na tabia hiyo.

Somo la pili lilikuwa kwamba ukibonyeza swichi ya maikrofoni, betri inalika useme usiseme. Somo hili lilimshinda Bwana Kosta, msimamizi wetu, Mgiriki mwenye moyo mzuri na masharubu ya kutosha watu wawili. Yeye alikuwa anabonyeza kwanza ndipo anafikiri. Alisema, "Mikumi, leo nataka..." kisha akatazama dari, akakuna kidevu, akakumbuka jambo la jana, huku betri ya watu inateketea. Fundi akaihamisha glopu ikae mbele ya pua yake. "Bwana, taa hii ikiwaka, betri inakufa." Tangu siku hiyo Bwana Kosta aliongea mbio kiasi kwamba Mikumi walitujibu, "Rudia, pokea," mara nyingi sana, tukawa palepale. Hilo "pokea" ndilo la kumwachia mwenzako zamu ya kuongea.

Mtu wetu wa Mikumi alikuwa Mzee Ramadhani, mwenyeji wa huko, ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti tu, nzito na ya taratibu. Kila asubuhi, umande haujakauka, nilibonyeza nikasema, "Shikamoo Mzee, pokea," na yeye hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Marahaba mwanangu. Umeamka salama? Umepata uji? Pokea."

"Nimepata, Mzee, ahsante. Pokea."

"Vizuri. Wakikutuma kazi ya kukuzidi, usione haya, sema. Pokea."

Fundi alikuwa anakunja uso mshale unavyocheza. "Salamu zenu zinakula betri kuliko habari za shamba!"

"Sasa Fundi, nimpe mzee habari kavu? Bila shikamoo?"

Huko Burma angeweza kumpa mtu habari kavu, lakini huku si Burma. Tukakubaliana shikamoo iwe moja, habari iwe moja, na uji nisiulizwe. Mzee Ramadhani hakuwa ametia saini mapatano hayo. Aliendelea kuniuliza uji, na siku nyingine aliniambia nikisikiliza mafunzo nitakuja kuwa fundi mkubwa nikikua. Niliona ni maneno ya wazee, kwao sisi sote watoto. Nilijisikia kupendwa.

Sasa niwaambie kwa nini nililala nikiiota ile betri. Nilikuwa nimemwacha Songea mke wangu, Fotunata, tuliyefunga ndoa muda mfupi kabla ya lori kunichukua. Nilipoingia kwenye redio nilipewa chumba kwenye mstari wa wenye familia, na shamba likakubali aje kwa lori la manamba. Nilikipaka chumba chokaa mara mbili. Nikatengeneza kitanda, nikakibomoa kwa sababu kilikuwa kinalia, nikatengeneza kingine kilicholia zaidi. Na kila asubuhi, baada ya habari za shamba, niliuliza kama lori la Songea limeonekana.

"Mbona unalitafuta sana hilo lori, mwanangu? Mama yako anakuja? Pokea."

Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze, Fundi akanizimia swichi. Kwake ilikuwa ni kubana matumizi. Kwangu, kama mtakavyoona, ilikuwa ni kosa lililotugharimu baadaye.

Masika ikaingia, na redio yetu ikaugua. Kila mvua iliponyesha, glopu ilififia. Fundi aliongeza nguvu, mshale ukapanda, glopu ikabaki inasinzia. Betri iliyokuwa inafika jioni ikawa haifiki mchana. Alibadilisha valvu. Akasugua viungo vya waya kwa mchanga. Akachimbia waya wa ardhini upya. Akazungumza nao kwa Kikaguru, kisha kwa Kiingereza cha jeshini ambacho sitakiandika. Bwana Kosta alichungulia mlangoni akauliza, "Fundi, redio gani hii inayoogopa mvua?" Akaondoka bila kusubiri jibu, na ilikuwa afadhali.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi sauti ya Mzee Ramadhani ilikuja safi: lori la Songea limelala Mikumi, watu wote wazima, wanawake wamo, wakishakula chakula cha mchana wanaanza safari ya Kilosa. Nilicheza ngoma ya kwetu ndani ya kibanda mpaka bati likaitikia. Fundi alinitazama akasema tu nisiangushe valvu.

Kabla jua halijafika utosini mambo mawili yakatokea. Kwanza, mto ulijaza tope kwenye mfereji wa maji ya kiwanda, korona ikasimama, na kwa hiyo dainamo nayo. Pili, mtu wa baiskeli alifika kutoka barabara ya Mikumi akiwa ametapakaa matope mpaka nyusi, akasema daraja la mto Miyombo halipo. Maji yamelibeba, na yanapita juu ya kingo. Mnaoijua barabara ile mnakumbuka mteremko wa pale. Unakunja kona, na ukishaikunja uko mtoni. Lori lililojaa watu, breki za zamani, utelezi, na jioni inayoingia. Dereva angeona maji yakiwa tayari kwenye boneti.

Bwana Kosta alipiga kelele moja tu, "Lizuieni!" akarukia trekta kwenda mtoni mwenyewe. Trekta lilizama kwenye matope mbele ya korona, tukimwona. Kwa hiyo tulibaki sisi na redio.

Fundi akapima betri. Akanionyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana sana. "Maneno machache, Kassian. Usiulizwe uji."

Nikabonyeza. "Shikamoo Mzee, zuia lori, daraja la Miyombo limebebwa na maji! Pokea."

Glopu ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Jibu likaja.

"Marahaba mwanangu. Unakwaruza. Umesema daraja? Haya si mambo ya kuchezea. Mwite mtu mzima aongee. Dereva yuko hapa anacheka, anasema hawezi kulala tena Mikumi kwa neno la mtoto. Pokea."

Nilimgeukia Fundi. Mtoto? Nina ndevu, nina mke, nina vitanda viwili vibovu! Ndipo maneno yake yote yakanirudia kwa mpigo mmoja, uji, kazi za kunizidi, nikikua. Mzee wa watu kwa muda wote ule alikuwa anamhurumia mtoto aliyeajiriwa redioni. Fundi akaninyang'anya maikrofoni, akabonyeza, akatoa sauti yake ya jeshi.

"Mikumi, hapa ni Fundi Elia! Zuia lori! Pokea!"

Mzee akajibu kwa upole, "Kwani mko watoto wangapi hapo? Pokea."

Sijui kama mmewahi kutaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Mtambo ulikuwa unatubana sauti zetu njiani, zinafika Mikumi nyembamba kama filimbi. Baadaye tulikuja kujua kwamba hata Bwana Kosta, na masharubu yale yote, alikuwa anajulikana huko kama mama wa Kigiriki.

Nilitoka nje mvuani kwa sababu ndani sikuwa na la kufanya. Nilitaka kuutikisa waya, labda umegusa tawi. Nguzo ya eria ilikuwa pale mlangoni, na kamba ya kuuvutia waya imefungwa chini kwenye kigingi. Nikaishika kamba. Ikaniuma!

"Fundi! Kamba inauma!"

"Kamba haiumi!" alijibu kutoka ndani, kidole bado kiko kwenye swichi, anatafuta mahali pa mshale.

"Njoo uishike wewe!"

Alitoka akinung'unika, mimi nikaingia kubonyeza kidogo tu. Nilisikia ukelele wa Kikaguru, kisha kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba mwenyewe.

Mmeshaelewa. Kwenye shamba la mkonge kila kitu kilifungwa kwa kamba ya mkonge: mizigo, mbuzi, milango, suruali. Bwana Kosta hakuruhusu kamba nyingine iingie, ilikuwa fahari yake. Siku mtambo unafungwa, waya wa eria ulifungwa moja kwa moja kwenye kamba yetu nzuri, mpya, ya daraja la kwanza. Ikiwa kavu kabisa, haina neno. Lakini kamba ya mkonge inakunywa maji. Umande wa asubuhi uliilowanisha, masika ikaishibisha, na umeme wetu badala ya kwenda hewani ukawa unateremka kwa kamba, unapita nguzoni, unaingia ardhini. Tulikuwa tunauhubiria udongo wa Kilosa. Na kadiri Fundi alivyoongeza nguvu, ndivyo udongo ulivyozidi kusikiliza.

"Chupa!" Fundi alipaza sauti. "Kioo hakipitishi! Lete chupa!"

Nyuma ya nyumba ya Bwana Kosta chupa za bia hazikuwahi kuwa tatizo. Nilirudi na kifua kimejaa. Tukauteremsha waya, tukaukata kwenye kamba, tukafunga waya shingoni mwa chupa na kamba kiunoni mwake, pande zote mbili, ili visikutane tena. Bwana Kosta alitutazama kutoka juu ya trekta lililozama, hakuuliza kitu. Tukavuta. Chupa zikapanda juu mvuani zikiyumba, nami nikiziombea kwa watakatifu wote ninaowajua, na wengine niliowabuni.

Ndani, Fundi akapunguza nguvu mpaka nusu. Nilidhani amechanganyikiwa. Akazungusha gurudumu taratibu. Mshale ukaanza kushuka, ukashuka, ukazidi kushuka, na glopu, ile iliyokuwa inasinzia miezi yote, ikawaka nyeupe ikatuumiza macho. Nusu ya nguvu! Mwanga mara nne! Fundi akasimama wima, maji yakimchuruzika, akaupigia mtambo saluti, na mimi nikapiga pia. Nakiri tulipoteza muda kidogo pale.

"Haya, ongea, mtu mzima."

Nikabonyeza. "Shikamoo Mzee. Ni Kassian, Kilosa. Daraja la Miyombo halipo, maji yako juu ya barabara. Usiruhusu lori liondoke. Pokea."

Mvua juu ya bati. Kisha sauti yake, safari hii haina taratibu yoyote.

"Wewe ni nani, bwana? Yule mtoto yuko wapi? Pokea."

"Hakuna mtoto, Mzee! Ni mimi siku zote! Ilikuwa kamba! Pokea!"

Akabonyeza, na kabla hajajibu, nyuma yake nikasikia makelele. Abiria walikuwa wamejibanza chini ya paa la kibanda chake kukwepa mvua wakati dereva anawasha injini, na dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya mwanamke ikapasua sauti nyingine zote: "Huyo ni Kassian! Huyo ni mume wangu! Amesema daraja halipo!"

"Kumbe una mke!" Mzee Ramadhani alisema, na nadhani alisahau kwamba amebonyeza. "Ya Rabi, na mimi namuulizia uji! Eti wewe mama, ngoja... Ngoja, jamani... Kilosa, huyu mkeo ameshusha mzigo wake kwenye lori. Wenzake nao wanashusha. Wote wanashuka. Dereva amebaki na lori tupu, anaona haya. Amezima injini. Narudia, amezima injini. Pokea."

Nilijaribu kusema ahsante. Nilijaribu kusema jina lake. Nilibonyeza nikafika "Fotu...", glopu ikashuka kutoka nyeupe kuwa njano, kuwa nyekundu, ikazimika. Valvu zikapoa zikilia tik, tik. Betri ilikuwa imemaliza zamu yake, na kwa mara ya kwanza sikuwa na malalamiko nayo.

Lakini kipokeo kilikuwa na betri yake kavu, kikaendelea kusikiliza. Tulimsikia Mzee Ramadhani akituita mara kadhaa, kisha akamwambia mtu, "Betri yao imekwisha. Hawezi kukujibu, lakini nadhani anasikia. Ongea hapa, mwanangu. Usiharakishe, ya kwangu imejaa."

Kukawa na pumzi kwenye kipokeo, ya mtu aliyesogea karibu mno na maikrofoni.

"Kassian? Hujambo?"

"Sijambo!" nilipiga kelele. Maikrofoni ilikuwa mezani. Sikuigusa.

"Safari ilikuwa njema. Tumenyeshewa tu kidogo. Mama anakusalimu."

"Marahaba, Mama!" Nilichanganya kila kitu, mimi ndiye wa kumpa mama yangu shikamoo. Fundi alikuwa ameshika tumbo, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Baba naye anakusalimu sana. Anauliza kama bado unakohoa."

"Sikohoi tena! Mwambie sikohoi!"

Ikafuata salamu ya shangazi, zikaja za majirani mmoja mmoja, ikaja ya padri, ikaja ya mjomba aliyekuwa hajaongea nami tangu harusi. Fotunata alizitoa salamu zote alizokabidhiwa njia nzima kutoka Songea, hakuruka hata moja. Nami nikaziitikia zote kwa sauti ya kufika korona, mbele ya mtambo uliozimika, na kila nilipoitikia, Fotunata alinyamaza kidogo kama aliyenisikia, kisha akaendelea.